Ua wa Mabua ya Isenga

Isenga, karibu na Kigwa
20 Aprili 1951

Mume wangu Modest,

Marahaba. Koleta amenisomea hiyo shikamoo uliyoiweka juu ya barua, nami nikaitikia kwa sauti mpaka mbuzi wakageuka kunitazama. Koleta ni huyu mke wa katekista Anton, ndiye anayeandika ninavyosema. Nimemkataza kupamba. Nikisema pua, aandike pua.

Kumbe unakuja. Wakubwa wako wa kilimo huko Tabora wametazama watu wote, wakakuona wewe, mtoto niliyemlea kwa uji wa ulezi na makofi, kwamba ndiye wa kuja kupima mashamba ya Isenga na kuona wadudu wamekula kiasi gani. Jumbe Lugembe alipotangaza barazani sikungoja amalize, nilipiga vigelegele katikati ya maneno yake. Akakasirika kidogo. Atapoa.

Watu wananiuliza utakuja na nini. Wengine wanasema bunduki, wengine wanasema dawa ya moshi. Nikawaambia mume wangu anakuja na kamba na kisu: anatandaza kamba shambani, anapasua kila bua lililogusana nayo, anatazama ndani. Jirani yangu Masele akasema kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo ili upasue mabua ambayo mbuzi wake anapasua bure. Nimemnyima salamu tangu siku hiyo.

Umeuliza habari za funza. Wapo, kama kila mwaka. Usijisumbue kichwa kwa hilo. Nakuahidi mbele ya Koleta, hutamwona hata mmoja.

Na ua wako wa kuogea tutaufunga sisi wenyewe, kwa mtindo wa zamani. Siku za misafara, wapagazi wakitoka Ujiji kwenda pwani wakilala hapa, kila nyumba ilileta kipande chake cha ua, kwa fundo lake, ili mgeni asije akawa wa mtu mmoja. Babu yako nilimwona mara ya kwanza ndani ya ua wa namna hiyo, ametua meno ya tembo, anajikuna bega. Basi na wewe utaoga kama msafara mzima.

Njoo ukiwa na njaa.

Ni mimi bibi yako,
Imakulata Kashindye

*

Gongoni, Tabora
4 Juni 1951

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama, garimoshi lilichelewa lakini asali uliyonipa haikumwagika. Ile karanga ya kusaga iliisha kabla ya Igalula, wenzangu wa behewani wakusalimu.

Bibi, sijui nianzie wapi. Nimekwenda vijiji vingi mwaka huu, na kila nilipopasua mabua nilikuta funza amechimba njia katikati kama reli, suke juu limekauka halina punje. Isenga nimetandaza kamba katika mashamba yote, nikapasua mpaka kidole kikaota lengelenge, na funza niliowaona wanaenea kwenye kiganja. Niliandika taarifa, na Bwana Wadudu, mkubwa wangu (watu wamempa jina hilo na yeye analipenda), aliisoma mara mbili, akaita wenzake waje wasome. Akasema lazima tujue watu wa Isenga wanafanya nini.

Kitu kimoja tu kilinisumbua, zile nafasi wazi katikati ya mtama. Ulinieleza kwamba siku hizi mnapanda mbali mbali ili mtoto apite bila kukwaruzwa, nami nikaandika hivyo hivyo.

Ule ua wa kuogea sitausahau. Jua la asubuhi liliingia kwa vitundu vidogo vidogo vya mabua, likanichora mgongo mzima madoadoa kama kanga wa porini. Mwambie Masele kipande chake ndicho kilichokuwa kimelegea.

Sasa agizo, na hili ni la serikali. Mkishavuna, mabua yote yachomwe, msiache hata moja. Funza hulala ndani ya bua kavu kiangazi chote, mvua ikianza anatoka akiwa nondo, anaruka kwenda kwenye mtama mpya. Tafadhali Bibi, wewe uwe wa kwanza, watu wanakutazama.

Mjukuu wako,
Modest

*

Isenga
5 Agosti 1951

Mume wangu,

Marahaba. Habari zako zilifika kabla ya barua yako. Jumbe alirudi kutoka Tabora na kusema kwamba kwenye mkutano wa majumbe jina la Isenga lilitajwa la kwanza, kwamba mashamba yetu ndiyo safi kupita yote ya njia hii. Tulicheza. Veneranda, mwenye goti bovu, alicheza mpaka goti likapona, na kesho yake likaharibika tena. Mimi nilitembea kijijini kote kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Sasa nisikilize vizuri maana nina ugomvi na wakubwa wako. Wiki iliyopita tumesikia kwamba serikali inagawa mbegu ya mtama wa muda mfupi, ule unaokomaa kabla funza hajashiba. Wanapewa watu wa upande wa Goweko. Sisi hatumo. Jumbe akauliza kwa nini, akaambiwa mbegu ni ya vijiji vilivyopata hasara. Modest, ni mambo gani haya? Anayesifiwa ndiye anayenyimwa? Mtu akikupikia vizuri unampelekea mboga jirani yake?

Na kazi tuliifanya kwa ajili yako. Unadhani shamba lilijisafisha? Nilipopata barua yako nilikwenda nyumba kwa nyumba. Nikawaambia mjukuu wangu anakuja na kamba yake, atakanyaga mashamba yetu, mtamwonyesha nini, uozo? Mgeni hufagiliwa njia. Tukang'oa kila bua lililokuwa na tundu, kila lililovunjika shingo, kila lililotoa suke tupu. Yalikuwa mengi, mwanangu, mizigo kwa mizigo, mikono ilitutoka ngozi, lakini ulipofika hukuona ubaya wowote. Na wala hatukuyatupa. Ndiyo tuliyokufungia ua, kila nyumba kwa mabua ya shamba lake. Hiyo ya kupanda mbali mbali ili mtoto apite niliitunga palepale uliponiuliza, na ilikaa vizuri, au siyo?

Mkumbushe huyo Bwana Wadudu kwamba watu waliotaabika hivyo wanastahili mbegu kuliko wengine.

Mabua yote tumeyachoma kama ulivyoagiza. Na ua pia.

Bibi yako,
Imakulata

Mimi Koleta naongeza hapa chini, Bibi amekwenda kufukuza kuku. Kaka Modest, vihenge vya mwaka huu vinalia ukivigonga. Bibi amekatazwa na nafsi yake kukuambia, lakini nyumba nyingi zimeanza kula mbegu. Ikifika Novemba hatuna cha kutupa ardhini.

*

Gongoni
13 Agosti 1951

Bibi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena. Mwenye nyumba aliuliza kama kuna msiba.

Bibi, mimi nilitumwa kuuona huo uozo. Ndio niliokuwa nautafuta. Kila bua bovu ulilong'oa ni bua ambalo ningeliandika, na wingi wake ndio ungewapatia mbegu. Mmenifagilia njia mkafagia na ushahidi wenu.

Usidhani nakulaumu peke yako. Ule uongo wa mtoto kupita, mimi niliujua. Nilikua katika mtama ule, nilikwaruzwa na kila jani lake, na hakuna aliyewahi kuniachia nafasi. Nilitazama chini nikaona udongo umefukuliwa pale bua lilipotoka. Lakini ulikuwa umesimama mbele ya watu wote, umefurahi vile, nami nikaona aibu kumbishia bibi yangu. Nikaandika. Na ndani ya ua nilioga katikati ya vitundu vya funza, mtu aliyefunzwa vitundu vya funza, nikawaza kwamba ni mabua ya mwaka jana na kwamba mwanga unapendeza.

Nimemwendea Bwana Wadudu, nimemweleza yote. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alisema anaweza kuniamini mimi, lakini juu yake kuna wakubwa ambao hawanijui, na kijiji kinachosifiwa mwezi Juni hakiwezi kulia hasara mwezi Agosti kwa maneno matupu. Anataka mabua. Mbegu zilizobaki zitakwisha kugawiwa mwishoni mwa Septemba.

Na mabua mmechoma kwa agizo langu mwenyewe. Tangu juzi nageuza jambo hili upande na upande. Kama kuna bua lolote, Bibi, hata lililoezekewa banda la kuku la mtu mkaidi, niambie upesi.

Modest

*

Isenga
21 Agosti 1951

Mume wangu Modest,

Kaa chini kabla hujasoma. Umekaa?

Ua upo.

Nilikudanganya. Mabua ya shamba nilichoma, na nilikuwa wa kwanza kama ulivyotaka, nikawasha mbele ya jumbe na watu wote wakanifuata. Jioni jumbe akapita nyumba kwa nyumba kuuliza kama limebaki bua, nikamtazama usoni nikasema hakuna. Nyuma ya nyumba yangu ua ulikuwa umesimama, nimeuegemezea nyasi za kuezekea pande zote mpaka ukafanana na lundo la nyasi. Masele alijua. Alinyamaza kwa sababu na kipande chake kimo, kile kilicholegea.

Utaniuliza kwa nini. Ningeuchomaje? Yule mtoto niliyemlea alioga humo. Nilimsikia akiimba wimbo wa wapagazi, ule wa babu yake, na anaukosea palepale alipokuwa anaukosea babu yake. Nilikuwa nimekaa nje na kata ya maji nikamwacha akosee. Ndiyo hivyo. Kama serikali ina agizo la kitu cha namna hiyo, ilete.

Koleta aliposoma barua yako nilipiga yowe moja watu wakadhani nimeumwa na nyoka. Wakaja mbio na marungu. Nikawaambia wekeni marungu, mkashike nyasi. Tuliutoa ule ua nyasi zake kwa mkono, polepole, kama unavyomvua mtoto mgonjwa nguo. Umekamilika. Hakuna kipande kilichoanguka. Na kila mtu alikwenda moja kwa moja kwenye kipande chake: fundo la Veneranda ni la kurudi nyuma, la jumbe ni la mkono wa kushoto, langu ni la mama yangu. Hakuna wa kugombania la mwenziwe.

Masele akachukua bua moja akalielekeza kwenye jua akachungulia kama darubini. Akaniambia, "Kashindye, mjukuu wako alioga ndani ya ghala la funza, na wewe ukamsugua mgongo." Nilicheka nikalazimika kushika ukuta.

Sasa tunaulinda. Mbuzi wamefungwa mbali. Mchana nakaa mimi na fimbo, na nikienda kuchota maji anakaa Veneranda na goti lake. Jana kunguru alitua juu ya kipande cha jumbe, jumbe mwenyewe akamrushia kofia.

Njoo. Mlete na huyo mkubwa. Nimeanza kufikiria tutampikia nini, na ua wake wa kuogea uwe upande gani, na uga tuupake udongo mwekundu.

Mkeo mzee,
Imakulata

*

Gongoni
29 Agosti 1951

Bibi,

Naandika kwa haraka, Shomari wa ofisini kwetu anaondoka sasa hivi na baiskeli yake, amesema ataiweka barua hii mkononi mwako.

Nilikimbia kutoka Gongoni mpaka ofisini na barua yako mkononi. Nikafika sina pumzi, Bwana Wadudu akanipa kiti na maji, nikamsomea kuanzia "Ua upo" mpaka kofia ya jumbe. Akaomba nirudie pale pa mafundo. Unajua maana ya mafundo hayo? Mwezi Mei nilihesabu mabua mazima ya kila shamba, yamo katika taarifa yangu. Sasa kila shamba lina kipande chake cha mabua mabovu, na mwenye fundo anajulikana. Tukijumlisha tutapata shamba kama lilivyokuwa kabla hujapita nyumba kwa nyumba.

Tunakuja Jumamosi kwa garimoshi, tutashuka Goweko.

Bibi, kwa heshima zote. Msifagie. Msipake udongo mwekundu. Msifunge ua mpya, mkubwa ataoga kwa beseni. Msiguse bua hata moja, hata lile la Masele. Ikiwa kuna kitu kibaya, chafu, kilichooza au kilichovunjika, kiacheni mahali pake kitusubiri.

Na usimchinjie mbuzi.

Modest

*

Gongoni
17 Septemba 1951

Bibi,

Shikamoo. Nyama ya mbuzi tuliyofungiwa safarini ilifika nzima, ahsante. Nilikuandikia usichinje. Najua ulisikia.

Nakuletea majibu, kwa hiyo mwite Koleta asome mbele ya watu.

Tuliporudi, Bwana Wadudu alikuwa akijumlisha daftarini kutoka Goweko mpaka Igalula. Mimi nilikuwa natazama nje ya garimoshi. Kisha akauliza, "Nani aliwaambia watu wale wasafishe mashamba?"

Nikamjibu, "Ni mimi, Bwana. Niliwaandikia kwamba nakuja."

Alicheka, Bibi, akacheka mpaka mama mmoja aliyekaa karibu naye akahamisha mtoto wake. Lakini hakukuwa na mzaha katika kazi yake. Ulimwona mwenyewe alivyokaa ugani kwako amevua kofia, akipasua, na watu wakimzunguka, na kila kipande kikifunguliwa mwenyewe anatikisa kichwa kama anasomewa kesi. Tumejumlisha mara tatu. Isenga ilipoteza zaidi ya theluthi ya mtama wake. Shamba la Veneranda karibu nusu. Hakuna kijiji cha njia hii kilichoumia hivyo.

Mbegu mmepata, nyumba zote. Lori litafika mapema mwezi wa kumi, muwe na vikapu.

Taarifa yangu ya Juni nimeirekebisha kwa mkono wangu na kutia sahihi kwamba nilikosea. Iliuma. Kazi bado ninayo. Mkubwa anasema tangu sasa tutaingia vijijini bila kutangaza, ili tukute mashamba yalivyo.

Sasa lile nililochelea kukuambia nilipokuwa hapo. Tulipopasua tulikuta funza hai, wamelala, wengi. Mabua tuliyoyapasua tumeyateketeza, lakini nusu ya ua tuliihesabu tu bila kuipasua, bado imesimama na imejaa. Mvua ya kwanza ikianguka watatoka wote, na chakula cha karibu kitakuwa hiyo mbegu mpya. Bibi, lazima uchomwe. Na uwe wewe. Siwezi kumwagiza mtu mwingine auwashe.

Wimbo nitajifunza upya nije nikuimbie sawasawa.

Modest

*

Isenga
20 Desemba 1951

Mume wangu Modest,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nalima, na Koleta amejifungua msichana. Ameitwa Imakulata. Sikuomba, nilisema tu kwamba jina hilo ni zuri, nikalisema kila siku.

Ua nimeuchoma. Nilingoja wingu la kwanza lisimame upande wa Urambo, nikasema leo. Niliwasha kwenye kipande changu ili mtu asiseme nimejipendelea. Mabua makavu yanalia yakiungua, ulijua? Yanapasuka pa, pa, pa, Masele akasema hao ni funza wanakuaga. Tulikuwa na pombe kidogo, tukacheka. Kisha nikaimba ule wimbo, nikaukosea palepale kwa makusudi. Usijifunze upya. Uache kama ulivyo.

Kamba za magome ya miombo nilizifungua kwanza nikaziweka. Kamba haina funza, nilizichemsha.

Mbegu ilikuja kwa lori kama ulivyosema, tukapanda siku ileile ardhi ilipolainika. Modest, mtama wenu unakimbia. Unalala ukiwa umefika kifundo cha mguu unaamka uko gotini. Veneranda anakwenda kuusalimia kila asubuhi, anauambia mwangaluka, na anadai unaitika. Kijiji kizima kina maneno mengi, huwezi kulala mchana.

Sasa kuhusu huko kuja bila kutangaza. Mwambie mkubwa wako hapana. Mtu haji kwa bibi yake kama mwizi wa kuku. Uandike kwamba unakuja, tarehe na siku, nipige vigelegele vyangu. Kusafisha hatutasafisha. Tumekaa barazani tukakubaliana, na jumbe ameweka faini ya kuku kwa atakayeng'oa bua bovu.

Nikwambie kitu. Juzi katika shamba langu, karibu na njia, nimeona mche mmoja, jani lake la katikati limekauka na lina vitundu vimejipanga mstari. Nimeuinamia, nikamwona ndani, mdogo, mnene, hana haya. Mkono ulishatoka kuung'oa. Nikaushika mkono wangu kwa mkono mwingine, nikarudi nyumbani nikachukua zile kamba za ua, nikakata miiba, nikauzungushia uzio mdogo, nikaufunga kwa fundo la mama yangu. Kila apitaye ananiuliza nafuga nini. Nawaambia ni mgeni wa Modest.

Unanikera kila nikiupita, mkono unawasha. Njoo upesi na kamba yako uupasue, kabla sijashindwa.

Bibi yako,
Imakulata Kashindye